Bosi Aliyetoa Ruhusa Akiwa Katikati ya Jabali

Wanangu mnaopandisha watu kwenye majabali ya Masasi siku hizi, nimeziona video zenu. Mjukuu wangu huniletea simu nikiwa nachambua kunde, ananionyesha. Mmependeza. Kofia za rangi, miwani ya jua, muziki nyuma, na yule mmoja wenu anayejiita Profesa wa Miamba anapanda kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika simu anajirekodi. Mimi magoti yangu yalistaafu kabla yangu, kwa hiyo nina muda mwingi wa kuwakosoa, na leo nimeamua kuutumia.

Tuanze na jina la kazi. Nyinyi mnaitwa makocha. Sisi, wageni walituita "guide" kwa Kiingereza chao, na watu wa kwetu Lupaso wakalitamka walivyoweza, likatoka "gaidi". Mjomba wangu alijisifu barazani kwamba mpwa wake, Mama Zuhura, ni gaidi, tena anafundisha na wengine. Mgambo wa kijiji akaja nyumbani kwa adabu zote, akanipa shikamoo, akauliza hiyo kazi naifanyia wapi na kwa kibali cha nani. Nikampeleka jabalini, nikajifunga kwenye mti, nikamfunga yeye kamba, nikampandisha. Aliposhuka alisema ameridhika, serikali haina la kuhofia, maana gaidi mwenyewe amefungwa kwenye mti.

Aliyenifundisha ni Mzee Likwata, mrina asali. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yote yalikuwa malalamiko. Kabla sijashika kamba ya binadamu alinishikisha kamba ya gunia la korosho. Alilining'iniza kwenye tawi, akanipa ncha, akakaa pembeni na sufuria ya ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, akawa anakula na kunisimulia ugomvi wake na wakwe. Kila nilipogeuza uso kumcheka, alilisukuma gunia kwa mguu. Jioni mikono ilikuwa haifunguki. Akaniuliza gunia limeanguka mara ngapi. Nikasema halijaanguka. Akasema basi kesho nirudi, na nije na ming'oko yangu.

Zilipokuja kamba za kisasa alizinusa, akasema zinanuka duka. Baada ya wiki alikuwa akiwafukuza mbuzi wa watu wasizikanyage.

Sasa mambo ya kazi yenyewe, kwa wale wenu ambao bado hamjaharibiwa na simu. Anza asubuhi, jabali likiwa bado la baridi. Mchana linakaanga viganja. Waambie wageni wasijipulizie manukato, nyuki wa kwenye nyufa hawajui tofauti ya ua na afisa. Mwanamke aliyevaa hijabu, mwambie aibane vizuri kwanza, kofia ngumu ije juu yake, na pini zote zitoke. Fundo mlilofunga lishikeni kwa mkono kila mara, kwa sababu jicho likishalizoea huliona zima hata likiwa limelegea. Na mtu anayeanza, kazi yake kubwa ni kujifunza kusimama kwa miguu. Wengi wakifika ukutani hulikumbatia jabali kama ndugu aliyerudi kutoka safari ndefu. Ukilikumbatia, mikono inachoka, na jabali halikukumbatii.

Kwa wasioijua kazi hii, maana najua video hizi wanaangalia na wengine: kamba inapanda mpaka juu ya mwamba, inapita kwenye vyuma tulivyovifunga huko, inarudi chini. Ncha moja amefungwa anayepanda. Ncha ya pili inapita kwenye chuma cha kubania, kiunoni mwa mwenzake aliyesimama chini. Anayepanda akiteleza, yule wa chini akibana, hapatwi na kitu. Kwa hiyo ukitaka kupanda, lazima kuwe na mtu chini unayemwamini. Hapo ndipo ilipoanzia habari ninayotaka kuwapa.

Kuna ofisi moja huko Newala, ya mambo ya korosho, sitaitaja. Watu wa Newala wanakaa juu ya uwanda tangu kuzaliwa, lakini juu kwenyewe ni tambarare na mchanga, hawajazoea jiwe. Meneja wao, mtu wa bara aliyehamishiwa huku, aliamua watumishi waje Masasi wapande majabali ili wawe kitu kimoja. Walimwita Bosi, naye ndivyo alivyotaka, kwa hiyo na mimi nitamwita hivyo.

Basi lao lilifika asubuhi. Kabla ya watu likashuka turubai. Baada ya turubai zikashuka meza, kitambaa cha meza, maua ya plastiki na viti vyenye mito kwa ajili ya meza kuu. Halafu spika mbili na mshereheshaji. Halafu bango lililoandikwa "Pamoja Tunapanda", lenye picha ya Bosi, refu kuliko njia yetu ya wanaoanza. Mwenzangu Bakari akaniuliza kama tutapanda jabali au tutapanda bango.

Bosi alihutubia. Alisema mwamba ni taasisi na taasisi ni mwamba. Jua lilipanda kabla yetu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikikagua mikanda ya kupandia, ndipo akanijia binti mmoja mdogo wa umbo, akanisalimia shikamoo, nikamwitikia. Jina lake Fadhila, wa Makote, karani wa masijala. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama hospitali ya mjini iko mbali. Nikamwonyesha mabati yake, yanaonekana pale chini ya jabali, kwa miguu ni karibu tu. Akasema mama yake amelazwa pale. Ameomba ruhusa ya kuja kumwona, akaomba tena, na kila mara Bosi alimjibu kwamba masijala haiwezi kubaki bila mtu. Leo masijala imefungwa ili watumishi wote waje kuwa kitu kimoja, ndiyo maana amefika. Asubuhi alimpigia mama yake simu akamwambia Bosi mwenyewe amemruhusu, ili mzee asihangaike rohoni. Alichotaka kwangu ni kumwahisha kupanda, achomoke saa ya mchana ya kuona wagonjwa.

Nikampangia apande wa kwanza. Alipanda kwa miguu, taratibu, kama anapanda ngazi za ofisini, akashuka. Tukapandisha na wengine. Mambo yakaenda. Fadhila alikuwa ameshafungua mkanda nusu, ndipo Bosi akavua koti, akampa mshereheshaji, akatangaza kwamba sasa ni zamu ya uongozi.

Nilimfunga. Fundo nilishika, mkanda nilivuta. Akaniuliza nani atashika huku chini. Nikamwambia mtu yeyote katika watumishi wake, wamefundishwa asubuhi wakati yeye anapokea simu, na nyuma yake nitakuwepo mimi nimeshika mkia wa kamba, ndivyo tunavyofanya kwa wanaoanza wote.

Bosi akawageukia watumishi wake. Wanangu, nimeona watu wakikagua kamba, nimeona watu wakikagua vyuma, lakini sijawahi kuona mtu akikagua wenzake namna ile. Alianza na Saidi wa ghala, jitu la kifua, ambaye ndiye angefaa. Saidi alikuwa ofisi ya mbele mpaka Bosi alipomhamishia ghalani kwa kosa la kucheka kikaoni. Saidi alitabasamu. Bosi akampita haraka. Akamtazama Mama Imani wa uhasibu, mtu mzima, mwenye busara, aliyebishana naye wiki ile ile. Akampita. Dereva alikuwa na Jumapili zake nyingi zilizoliwa na safari za Bosi. Yeye hata hakusubiri kutazamwa, alishaanza kuvaa glovu. Bosi akampita huyo kwa mbio zaidi.

Akaishia kwa Fadhila. Nadhani aliona binti hajawahi kumjibu neno, akachukulia ukimya wake kuwa ni usamehevu.

Fadhila aliangalia mabati ya hospitali, akaniangalia mimi, akafunga tena mkanda. Kwa kuwa Bosi alikuwa mzito mara mbili yake, nilimfunga Fadhila kwa kamba fupi kwenye mti uliokuwa nyuma, asije akanyanyuliwa. Bakari alikuwa upande wa pili akiwateremsha waliokwisha kufika juu. Tukaanza.

Bosi alipanda vizuri mwanzoni, mshereheshaji akitangaza kila hatua kwenye spika. Alipofika katikati, pale penye ufa mpana, akatazama chini. Mtu akitazama chini huwa anaona kina. Bosi aliona watumishi wake wote wamemwinulia nyuso, na aliyeshika kamba ni yule aliyemnyima ruhusa. Akaingiza mikono yote ndani ya ufa, akalala juu ya jabali, akabaki hapo.

Nilimwambia aachie mikono, aegemee nyuma akalie mkanda, tutamshusha kama ndoo kisimani. Akasema yuko vizuri, anapumzika. Nikamwacha apumzike. Alipumzika mpaka shati likalowa. Nikamwambia Fadhila nimpokee kamba, yeye aende zake. Bosi akasikia neno kupokea, akapiga ukelele kwamba mtu yeyote asiiguse kamba, asiisogeze, asiipokee. Kila nilipojongea miguu yake ilianza kutetemeka jabalini kama cherehani. Nikaona nikilazimisha atapapatika avunje mkono ndani ya ule ufa. Nikatulia. Kule hospitali watu wenye vikapu walikuwa wameshaanza kuingia getini, tunawaona.

Bosi akaita kutoka juu, "Fadhila, umeshika?"

"Nimeshika, Bosi."

Bosi akasema, kwa sauti waliyoisikia wote waliosimama karibu na kamba, na mtu wa spika, "Ile ruhusa yako nimeipitisha."

"Kuanzia lini, Bosi?"

"Kuanzia sasa hivi."

"Nikienda sasa hivi, Bosi, utabaki na nani?"

Watu waliinamisha vichwa. Mama Imani alijifunika mdomo kwa mtandio. Lakini mshereheshaji, mtu aliyelipwa atangaze kila kitu, akatangaza: Bosi ametoa ruhusa akiwa katikati ya jabali, tumpigie makofi. Yale makofi ndiyo yaliyoharibu, kwa sababu Saidi alipoyasikia alielewa kwamba ofisi imefunguliwa. Akasogea chini ya kamba, akauliza kwa heshima kuhusu ile nafasi ya ofisi ya mbele. Bosi akasema arudi. Mshereheshaji akatangaza. Dereva akaja na habari ya Jumapili. Bosi akasema apumzike Jumapili zote, na Jumamosi jioni. Likatangazwa. Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza, mtu na shida yake, wengine wameshachukua viti vya meza kuu wakae wasubiri zamu.

Nilicheka, sitawadanganya. Nilicheka mpaka mkia wa kamba ukatikisika, Bosi akanitukana kwa lugha ya kwao. Halafu nikamwona Fadhila. Hakuwa anacheka. Alikuwa amebana ile kamba kwa mikono miwili, shingo imekakamaa, macho juu, machozi yanamtoka na hana mkono wa kuyafuta. Kwenye spika wanatangaza Jumapili za dereva, na watu wenye vikapu wameanza kutoka hospitali.

Nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, nikakizima. Nikamwambia Saidi na wenzake kwamba kwenye jabali langu mtu aliyening'inia haombwi kitu. Atakubali hata kumpa mtu mkewe. Warudi nyuma, na viti wavirudishe. Wakarudi, wengine kwa kununa.

Ndipo Fadhila akasema, na yeye hakupaza sauti, "Bosi, mimi ruhusa ya huko juu siitaki. Shuka kwanza. Usimame chini kwa miguu yako, halafu kama ni kuninyima uninyime, kama ni kunipa unipe."

Bosi akazidi kuizamisha mikono ndani ya ufa.

"Na kama hutaki kuachia, mimi nitashika tu," akasema Fadhila. "Sina nitakakokwenda. Saa yenyewe imeshapita."

Sijui ni maneno gani katika hayo yaliyomfikia. Nilichoona ni mkono mmoja ukitoka ndani ya ufa, halafu wa pili. Akaegemea nyuma, akafumba macho, mkanda ukambeba. Fadhila alimshusha taratibu, bila kumgonga, mpaka viatu vikagusa mchanga. Nimeshusha watu miaka mingi na sijashusha mtu kwa upole namna ile.

Sasa mtadhani Bosi alibadilika hapo hapo. Nyinyi mmeangalia sana filamu. Bosi aliomba kiti. Akanywa maji. Akavaa koti, na kadiri vifungo vilivyofungwa ndivyo sauti yake ilivyorudi. Alipofunga kifungo cha mwisho alisimama akasema kwamba yale yaliyozungumzwa kule juu yalikuwa mashauriano ya awali, na kwamba masuala ya kiutumishi yatafuata utaratibu. Saidi akatabasamu tena, safari hii kwa uchungu.

Fadhila alishajifungua kwenye mti. Alianza kushuka kuelekea mjini akiwa bado amevaa mkanda na kofia ngumu. Bosi akamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kwa mama. Hakusimama kulisema hilo, na watumishi wote walikaa katikati ya njia kati yake na Bosi, wakijifanya wanakunja turubai.

Jioni Mama Imani alimfuata Bosi. Nilikuwa karibu nakunja kamba, nikasikia. Alimwambia wafanyakazi wanapita hospitali kumwona mama yake Fadhila kabla ya kurudi Newala, na Bosi akibaki peke yake ndani ya basi itaonekana vibaya. Bosi akafikiri. Kisha akatangaza kwamba ameamua siku ihitimishwe kwa huduma kwa jamii. Wakanunua machungwa. Bango likabebwa mpaka getini, mlinzi akalizuia, akasema wagonjwa wanatosha. Akaruhusu watu wachache kwa wakati mmoja. Tukaingia Bosi na Mama Imani, na mimi niliyefuata mkanda na kofia yangu.

Fadhila tulimkuta kwenye benchi nje ya wodi, amekaa tangu mchana akisubiri saa ya jioni, watu wakimpita na kumshangaa kwa mavazi yale. Tukaingia naye.

Mama yake, Bi Asumini, alikuwa mtu mwembamba, amelala ubavu. Alimwona mwanawe, akamshika mikono, akaigeuza viganja juu. Vilikuwa vyekundu, vidole havijanyooka sawasawa. Akauliza ofisini kwao siku hizi wanafanya kazi gani. Fadhila akasema leo walikuwa na kazi ya nje. Halafu, kwa kuwa hakuna namna, akamtambulisha Bosi.

Bi Asumini akajitahidi kuinuka. Akaushika mkono wa Bosi kwa mikono yake yote miwili. "Baba, mwanangu kaniambia umempa ruhusa," akasema. "Mungu akupe na wewe watu wa kukushika utakapougua." Na hakuishia hapo. Akamwombea dua, ndefu, ya mtu mwenye nafasi, akimtaja na wazazi wake waliomzaa, na kila alipovuta pumzi wodi nzima iliitikia amina, wauguzaji, wagonjwa, hata fundi wa bomba aliyekuwa anapita mlangoni. Bosi alikuwa hawezi kuuchomoa mkono. Nilimwangalia uso. Kule jabalini alikuwa ameogopa. Hapa alikuwa ameona haya, na kwa mtu kama yule haya ni ngumu zaidi, haina utaratibu wa kuifuata.

Dua ilipokwisha watu walimgeukia yeye. Akasema amina. Ilitoka kavu, akairudia. Kisha akamwambia Fadhila, bila spika, "Kaa hapa mpaka mama atoke."

Fadhila akasema ahsante, Bosi, kama mtu anayepokea kitu kilichokuwa chake.

Mama Imani akamsaidia kufungua mkanda, maana vidole vilikuwa havifanyi kazi. Kofia ngumu akapewa Bosi aishike. Alikuwa amesimama nayo pale, hajui aiweke wapi, ndipo bibi mmoja wa kitanda cha pili alipomwona na kofia ya kazi, akamwita. Akamwambia, fundi, hiki kitanda changu nikijigeuza kinalia, majirani hawalali kwa ajili yangu, na mimi naona aibu.

Bosi akafungua mdomo. Akasema atalifuatilia.

Bibi akasema sawa, baba, akarudisha kichwa kwenye mto, kama mtu aliyewahi kuambiwa hivyo. Bosi akamtazama bibi, akamtazama Fadhila aliyekuwa anammenyea mama yake chungwa kwa meno kwa sababu ya vile vidole. Halafu akaweka kofia sakafuni, akapiga magoti na suti yake, akaingiza mkono chini ya kitanda, akawa anapapasa. Alikaa huko chini muda. Nati ilikuwa imelegea, akaikaza kwa vidole.

Bibi akageuka upande wa pili. Hakikulia.